Kinyama Kimoja, Majibu Mawili

Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma akifika hospitali, huenda daktari akampitishia kinywani mpira mwembamba wenye kamera na kuchuna vinyama vidogo sana vya utando wa ndani. Halafu nyumbani wote husubiri majibu: ana kansa au hana?

Lakini kati ya majibu hayo mawili ipo njia ndefu. Dk. Pelayo Correa, mzaliwa wa Colombia, na wenzake waliieleza mwaka 1975. Kwanza utando huvimba kwa miaka mingi, na baadaye ilijulikana kwamba mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Kisha tezi zake hupotea, zikaota seli kama za utumbo, na mwishowe seli huharibika umbo. Hali hiyo ya mwisho huitwa displasia. Bado si kansa, na watu wengi hawafiki hata hapo.

Displasia ina daraja la chini, ambalo kwa kawaida hufuatiliwa kwa kupimwa tena, na la juu, ambalo huondolewa. Anayeamua ni mtaalamu mwenye hadubini, na macho hayakubaliani. Mwaka 1997 ilichapishwa taarifa ya wataalamu 8 wa Japani, Amerika Kaskazini na Ulaya waliotazama vipande 35 vilevile vya tumbo. Mara nyingi pale Wajapani waliposema kansa, wenzao walisema displasia. Hawakuwa wazembe! Wajapani walitazama zaidi sura ya seli; wenzao walitaka kwanza kuona kansa imepenya chini.

Hapo ndipo kompyuta husaidia. Picha ya kipande kilichotiwa rangi huingizwa ndani yake, na mpaka wa kila kiini, yaani kile kidoa cheusi ndani ya seli, huchorwa. Kisha hupimwa eneo la kiini, mzingo wake, umbo lake, weusi wake, na sehemu ya seli inayoijaza. Viini vya seli nzima ni vidogo, vinalingana, vimejipanga chini. Displasia inapozidi, hunenepa, hutofautiana na kupanda juu. Jicho husema "kikubwa kidogo", lakini kompyuta hutoa tarakimu, na tarakimu haichoki jioni. Sisi tunaona faida kubwa zaidi ni kulinganisha mamia ya viini kwa pamoja. Nani angeyaweka hayo yote kichwani?

Hata hivyo tusiishangilie mno. Tumbo lililovimba, au linaloponya kidonda, nalo huwa na viini vikubwa. Dawa ya kuhifadhia kipande na unene wa kukikata hubadilisha vipimo, hivyo tarakimu za maabara moja hazihamishiwi nyingine hivi hivi. Na kipande kikichunwa pembeni ya mahali pabaya, kompyuta itapima kwa usahihi mkubwa seli zisizo na kosa!

Basi dada, majibu ya mama au shangazi yakija na neno displasia, muulize daktari: Ni daraja gani? Bakteria wametibiwa? Kipimo kirudiwe lini? Mtaalamu wa pili ametazama? Kwa hilo la mwisho mgonjwa hahitaji kumeza mpira tena, kwa kuwa kioo chenye kipande chake hutunzwa maabara na kinaweza kupelekwa kwa mtaalamu mwingine.