Barabara Yenu Imo Kwenye Mpango wa Kaunti?

Mvua inapobomoa barabara ya vumbi hapa Katelembo, swali la kwanza huwa: ni kazi ya nani kuitengeneza?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma. Barabara kuu za kitaifa zimebaki kwa Serikali ya Kitaifa. Ndiyo maana barabara ya Nairobi–Mombasa, ingawa inapita ndani ya Machakos, husimamiwa na KeNHA.

Pesa zinatoka wapi?

Kaunti zote 47 hugawana kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti pia hukusanya kodi ya ardhi na ada kama za maegesho. Inaweza kukopa, lakini sharti Serikali ya Kitaifa iudhamini mkopo huo na Bunge la Kaunti liuidhinishe.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Fungu hilo ndilo linalojenga barabara, na ndilo hilo hilo linalochimba visima na kujenga zahanati. Barabara moja ikipata, nyingine husubiri.

Kwa nini mpango ni muhimu?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza pesa za umma kutengewa mradi ulio nje ya mipango ya kaunti. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Ombi linaloletwa Mei, baada ya mvua kusomba kalvati, hukuta hesabu zimeshapangwa.

Ufanye nini?

Hudhuria vikao vya kukusanya maoni ya umma kabla ya Septemba. Ni haki yako kikatiba. Peleka ombi kwa maandishi: barabara inaanzia na kuishia wapi, maji hukatiza sehemu gani, na inahudumia shule, soko au zahanati ipi. Mpe nakala mwakilishi wadi wako. Mpango ukitoka, usome uone kama barabara yenu imo. Ikiwa haimo, sema kabla ya bajeti kupitishwa.