Surua: kwa nini mtoto mmoja hupona na mwengine huzidiwa

Chai tunayokunywa huku Pwani hulimwa nyanda za juu za Kericho na Bomet, kisha huteremshwa hadi mnada wa chai wa Mombasa. Watu nao hupanda na kushuka njia hiyo hiyo, na surua, ambayo wengi wetu twaiita ukambi, husafiri pamoja nao. Virusi vyake haviogopi baridi ya Kipkelion wala joto la Mombasa. Katika kila watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa huambukizwa. Tena mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla vipele havijatokeza, wakati mzazi bado adhani ni mafua.

Hata hivyo, watoto hawaugui sawasawa. Mmoja atatoka vipele na kupoa kwa wiki moja. Mwengine, nyumba ya pili, atapata nimonia, kuhara kusikokoma, upofu au uvimbe wa ubongo. Tofauti hiyo ina sababu zake.

Ya kwanza ni umri. Walio chini ya miaka mitano ndio huzidiwa zaidi, hasa wachanga. Kinga aliyopewa na mamake tumboni humalizika pole pole, na chanjo ya kwanza hudungwa akiwa na miezi 9. Kipindi hicho cha kati, ngao yake ni kaka na dada waliochanjwa.

Ya pili ni lishe. Vitamini A hulinda ngozi laini ya macho, mapafu na matumbo, na surua huimaliza haraka. Shamba la kijani si chakula: mtoto wa Kipkelion anayeshindia ugali na chai ana upungufu ule ule wa mtoto wa Kisauni anayeshindia mkate na chai ya rangi. Papai, embe, mchicha, mayai na maini ndivyo vinavyompa vitamini hiyo.

Ya tatu ni msongamano. Peter Aaby, mtafiti wa Denmark, aligundua huko Guinea-Bissau mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba mtoto anayeambukizwa na nduguye chumba kimoja huugua vibaya kuliko aliyeupata ugonjwa nje, kwani huvuta virusi vingi kwa muda mrefu. Wanaolala wengi chumba kimoja, iwe nyumba za wafanyakazi wa chai au za kupanga mjini, wazingatie hilo. Akiugua mmoja, mtengeni na wadogo na fungueni madirisha.

Ya nne ni udhaifu wa kinga, kama kwa mtoto mwenye VVU. Ya tano ni kuchelewa hospitali. Wapo wanaomfungia mgonjwa ndani, wakamnyima mayai na nyama, au wakamtia dawa za miti machoni. Hayo humuongezea maradhi. Mtoto anyonye, ale, anywe maji kwa wingi. Akipumua mbio, akipata degedege, akishindwa kunyonya au jicho likiingia ukungu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Huko hupewa vitamini A siku mbili mfululizo, maana hupunguza vifo na upofu. Dawa ya kuua virusi vyenyewe haipo.

Kinga ipo, na katika vituo vya serikali hailipiwi. Dozi moja ya miezi 9 huwaacha takriban watoto 15 kati ya 100 bila kinga. Ndiyo maana Kenya iliongeza dozi ya pili ya miezi 18 mwaka 2013. Wengi huikosa hiyo, kwa kudhani kliniki ilikwisha mtoto alipotimiza miezi 9. Surua huzuilika pale watoto 95 kati ya 100 wanapopata dozi zote mbili.

Basi kitoe kijitabu cha kliniki leo, uangalie mstari wa miezi 18. Ukiwa mtupu, mpeleke mtoto hata kama umri umepita. Kuchelewa kuchanja ni afadhali kuliko kutochanja.