SAUTI ZA MSITU ZENYE SIKIO HALISIKII



Wengi wetu tunazani muziki ni kwaya, gitaa na ngoma basi. Lakini kuko muziki ingine inayotengenezwa na mashini. Mutu anakamata sauti yoyote, ya mvua ao ya chura, anaitia katika kanda, anaikata, anaigeuza na kuipanga upya. Halim El-Dabh wa Misri alifanya muziki ya namna hiyo Kairo mwaka 1944. Pierre Schaeffer wa Paris alianza mwaka 1948. Kwa hiyo Mwafrika alitangulia.

Sasa hiyo inahusu nini msitu wetu wa Walikale? Sikilizeni. Sikio letu linasikia kuanzia mitetemeko kama 20 kwa segonde. Chini ya hapo hatusikii kitu. Mwaka 1984, Katy Payne, mama Mwamerika aliyesoma muziki, alikaa karibu na tembo katika bustani ya nyama ya Portland. Masikio hayakusikia neno, lakini mwili ulisikia hewa inatetemeka. Akakumbuka utoto wake katika kwaya, pembeni ya kinanda kikubwa cha kanisa. Basi akarekodi, na kanda ikapigishwa mbio. Kumbe tembo walikuwa wanaongea!

Hesabu ni nyepesi: sauti ya mitetemeko 15, ukiendesha kanda mara 10 mbio, inakuwa ya 150. Hapo ni kama besi ya kwaya yetu. Tembo wa msituni wanaitana hivyo hivyo, juu miti inawaficha. Okapi na mtoto wake pia.

Katika msitu wa Nouabalé-Ndoki, Kongo-Brazzaville, mashini za kurekodi zimefungwa juu ya miti. Zinasaidia kujua tembo wanapita wapi, na zinakamata pia mlio wa bunduki za wawindaji.

Ndugu zangu, hapa ndipo moyo unaniuma. Sisi watoto wa Masisi na Walikale tunatambua bunduki tangu mbali, hata usiku. Sauti ya tembo, ni nani kati yetu anaijua? Kanda inaweza kutunza sauti, lakini haizae tembo.

Leo jioni, kisha sala, tunyamaze dakika tano nyuma ya bweni. Kila mmoja aandike sauti alizosikia. Tuanze na zile zingali zinasikika.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho