KONDO LA NYUMA LINASEMA MAPEMA



Hapa kwetu Uvira na vijiji vya kando ya ziwa, wamama wanasemaka haifai kutangaza mimba ingali changa. Wengi wanakwenda kupimisha tumbo likiwa limekwisha kuonekana. Tuone basi wanachokosa.

Mtoto aliye tumboni anapata chakula na hewa kwa njia ya kondo la nyuma. Tangu mwanzo kondo hilo linajishikiza ndani ya tumbo la uzazi na kupanua mishipa ya damu ya mama. Mishipa isipopanuka vizuri, mtoto anakonda, na mama anaweza kupandwa na tansio baada ya mwezi wa tano, hata kushikwa na kifafa cha mimba. Ugonjwa huo unaua.

Kumbe kondo la nyuma linatoa alama mapema! Linatia protini zake katika damu ya mama. Moja inaitwa PlGF, nyingine PAPP-A. Zikipimwa kati ya wiki ya 11 na ya 13, nazo zikawa chache, muganga anajua mimba hiyo inataka kuangaliwa sana. Lakini si uaguzi: wengi wenye alama hiyo wanazaa salama.

Faida yake nini? Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, uliofanywa hasa Ulaya, wamama waliochaguliwa kwa alama hizo pamoja na tansio walipewa aspirini kidogo kila usiku. Walioshikwa na ugonjwa ule na kuzaa kabla ya wiki ya 37 walikuwa 13 kati ya 798. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 35 kati ya 822.

Sasa, mashine za kupima protini hizo haziko kila mahali. Tukate tamaa? Hata kidogo! Mwaka 2020 ulitoka uchunguzi wa nchi sita, Kongo yetu ikiwa ndani, juu ya wamama karibu 12.000 ambao hawajazaa bado. Hawa hawakuchaguliwa kwa PlGF. Walifika mapema tu. Walioanzishiwa aspirini kidogo kati ya wiki ya 6 na ya 13, waliozaa kabla ya wakati walikuwa 116 kwa 1.000, badala ya 131.

Basi, dada asijinunulie aspirini sokoni: muganga njo anaamua. Ila amwone kabla mwezi wa tatu haujaisha. Majirani tunaweza kuwaficha mimba changa, muganga, hapana.