Michembe na pamba: sukari moja, pande mbili

Msomaji wetu wa Ipililo, wilayani Maswa, anauliza: kama michembe na nyuzi za pamba vyote vimejengwa kwa glukosi, mbona michembe inamshibisha na pamba haimfai kwa kula, ilhali ng'ombe wake wakiachiwa shamba lililokwisha kuvunwa hawabakizi hata mabua?

Glukosi ni ile ile, tofauti ni upande. Kila glukosi huishika mwenzake kwa oksijeni iliyo kwenye kaboni namba moja. Oksijeni hiyo ikielekea chini, kiungo ni alfa. Ikielekea juu, ni beta. Wanga wa michembe ni alfa. Selulosi, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya nyuzi za pamba na imo pia kwenye mabua, ni beta. Amilesi ya mate yetu hukata alfa tu. Hata ng'ombe hana kikatio cha beta cha kwake mwenyewe: kazi hiyo humfanyia vijidudu wa tumbo lake la kwanza.

Uhondo wenyewe uko maabara. Mkemia anayeunga sukari mbili anaamuaje upande? Kaboni namba moja hunyang'anywa bromini iliyoibeba, ikabaki bapa, ina chaji chanya, wazi juu na chini. Ni nyumba yenye mlango wa mbele na wa uani, na mgeni aweza kupita kokote. Ila kwenye kaboni namba mbili mkemia ameshapangisha jirani, kundi la asetili. Bromini ikiondoka tu, jirani huinama, hunyoosha oksijeni yake kupitia uani na kuishika kaboni ile. Uani hakupitiki tena. Sukari ngeni hugonga mbele, huingia, huketi. Jirani huachia, hurudi kwake kana kwamba hakuhusika, na kazi ikiisha huondolewa kwa besi. Kiungo ni beta. Vitabuni huitwa ushiriki wa kundi jirani. Mimi nauita ujirani mwema, na sioni kwa nini mwanafunzi wa Maswa ajifunze jina refu zaidi.

Wilhelm Koenigs na Edward Knorr walipata viungo vya beta kwa bromini na chumvi ya madini ya fedha tangu 1901.

Alfa ni ngumu. Jirani huhamishwa, akawekwa mwingine, kundi la benzili, asiyefika uani. Mwaka 1975 Raymond Lemieux wa Kanada aliongeza bromidi (bromini yenye chaji hasi), na bromini ya sukari ikawa inahama juu na chini. Inayokaa juu haitulii, hung'oka upesi, na mgeni huingia kwa chini. Viyeyusho na joto navyo vina lao.

Faida yake? Mwaka 2004 Vicente Vérez-Bencomo wa Chuo Kikuu cha Havana na wenzake walitangaza chanjo dhidi ya Hib, yaani bakteria Haemophilus influenzae aina b, yenye sukari iliyoungwa maabara badala ya kuvunwa kwa bakteria. Ribosi, sukari za mnyororo wake, zimeungwa kwa beta. Kinga dhidi ya Hib ndiyo mojawapo ya zile tano zilizomo katika chanjo ya penta, anayochomwa mtoto wa Tanzania akiwa na wiki 6, 10 na 14.