Blusi nyeupe haina jina moja

Wandugu, kwetu Kapolowe kila mwenye blusi nyeupe ni "munganga". Ndiyo maana bazazi banauzisha samaki ya Tshangalele, banalipa minervali, kisha banashangaa mtoto anatoka infirmie, hapana daktari.

Infirmie wa A2 anatoka ITM, shule ya sekondari iliyo chini ya Wizara ya Afya. Wa A1 amepita ISTM, kama ile ya Lubumbashi, nyuma ya diploma ya Serikali. Udaktari wenyewe unasomewa fakulte ya medisini, mfano UNILU, na ile njia ni ndefu zaidi.

Tena LMD imeingia tangu 2021-2022, inachanganya vichwa. Mimi katika agronomia nilifanya gradua miaka 3, halafu lisansi miaka 2. Lisansi ya sasa ni ngazi ya kwanza, kwa kawaida miaka 3. Neno ni lile lile, masomo si yale yale!

Mdogo wangu alipotaka kujiandikisha, tulienda naye ku biro. Hatukuanza na bei. Tuliuliza: diploma itaandikwa nini? Agrema iko? Staji atafanyia hospitali gani? Swali la tatu lilikosa jibu, tukarudi na feza yetu mfukoni.