Intaneti ya Michezo Nyumbani: Tuulize Nini Kabla ya Kutoa Fedha?

Wazazi wengi wa Mbulu na Hanang hujiwa siku hizi na ombi ambalo wazee wetu hawakulijua: kutiwa intaneti nyumbani, ili kijana acheze na wenziwe walio mbali, kila mmoja akiwa kwao. Baba mmoja hukataa bila ya kusikiliza. Mwingine huchukua fedha ya mbuzi au ya vitunguu saumu, akanunua kifurushi kikubwa kuliko vyote, na baada ya wiki mbili kijana bado hunung'unika kuwa mchezo unakwama. Wote wawili wameamua pasi na kujua. Fedha ya nyumba ni amana, wala haifai kutolewa kabla ya kuuliza. Kwa hiyo twaona ni wajibu kulieleza jambo hili.

Ijulikane kwanza kuwa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Wauzaji hutangaza kasi, yaani wingi wa habari zinazopita kwa sekunde moja. Kwa mwenye kutazama sinema, hilo ndilo linalotakiwa. Lakini mchezo hupeleka habari chache mno, na hutaka jibu lirudi upesi. Mfano wake ni huu: lori litokalo Mbulu kwenda Karatu hubeba magunia mengi, lakini mwenye barua ya maneno mawili anayengoja jibu hampi dereva wa lori, humpa kijana wa pikipiki.

Muda huo wa kwenda na kurudi vijana huuita pingi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja katika sehemu 1,000 za sekunde. Jibu likirudi kabla ya 50, mchezaji haoni tofauti. Likifika 100, bado hucheza. Likipita 150, katika michezo ya shabaha hujikuta amekwisha pigwa kabla hajamwona mpinzani. Na pingi inayorukaruka, mara 40 mara 300, ni mbaya kuliko iliyo kubwa kidogo lakini yenye kutulia.

Sasa tutazame njia zilizopo. Iliyo bora ni waya wa nyuzi za kioo unaoingia mpaka nyumbani. Mwenye kukaa Katesh au Mbulu mjini aulize kama umefika mtaani kwake. Wa vijijini aghalabu hataupata. Njia ya pili ni mnara wa simu. Mnara wa 4G ukiwa karibu watosha kwa mchezo, lakini simu ikishuka hadi 2G, hapana mchezo wa namna hiyo.

Njia ya tatu ni dishi la satelaiti, na hapa pana hadhari. Satelaiti za zamani hukaa juu kiasi cha kilomita 36,000. Swali hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla yake ni kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa nuru, hiyo ni karibu nusu ya sekunde. Dishi la namna hiyo lafaa kwa barua na masomo, si kwa mchezo wa haraka, na hakuna kifurushi cha bei yoyote kitakachoiponya kasoro hiyo. Satelaiti za chini, kama zile za Starlink iliyoanza kazi Kenya mwezi wa Julai 2023, huzunguka kilomita 550 hivi tu, kwa hiyo jibu hurudi mapema. Lakini mwenye kuletewa dishi aulize kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kama huduma hiyo ina leseni hapa Tanzania.

Nchi yetu ni ya vilima na mabonde. Nyumba mbili za kijiji kimoja, huku Dongobesh au chini ya mlima Hanang, moja yaweza kuuona mnara na ya pili ikafichwa na mgongo wa kilima. Kwa hiyo sifa ya jirani si ushahidi. Azima laini za makampuni mbalimbali, uzipime nyumbani kwako, saa mbili usiku watu wote wanapotumia, kwa siku tatu. Kisha nunua kifurushi cha wiki, si cha mwaka. Bati nalo huzuia mawimbi. Kiweke kisanduku cha intaneti dirishani, upande wa mnara.

Yako pia yasiyoweza kununuliwa. Mashine za mchezo zikiwa Ulaya, kwa waya wa kilomita 10,000, nuru ndani ya kioo yataka milisekunde 100 kwenda na kurudi. Kijana achague mashine zilizo karibu, mchezo ukiruhusu. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania nzima ilidhoofika. Siku kama hiyo, asikimbilie mtu kununua kisanduku kipya.

Ama gharama, kucheza kwenyewe hula kidogo. Kinachomaliza bando ni kuupakua mchezo na masahihisho yake, ambayo huweza kufika makumi ya gigabaiti. Hayo yapakuliwe mara moja, kwa bando la usiku likiwepo.

Limebaki la dini. Michezo mingine huuza masanduku yaliyofungwa: mtoto hulipa fedha halisi bila ya kujua atapata nini. Huku ni kubahatisha kwa fedha, na kamari imeharamishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90. Basi namba ya siri ya fedha za simu ibaki kwa mzazi. Kisanduku kikae sebuleni, kizimwe wakati wa sala na saa ya kulala.

Enyi vijana, mwendeeni baba na vipimo vya siku tatu vilivyoandikwa, si na manung'uniko. Nanyi wazazi, vitazameni vipimo hivyo kabla ya kusema ndiyo au la. Mwenyezi Mungu atujaalie busara katika matumizi yetu. Amin.